Kiti cha hospitali hakiwezi mchanga wa Pwani

Uchaguzi ukikaribia, na hata usipokaribia, Pwani yetu haikosi sherehe za kugawa viti vya magurudumu. Hema linasimamishwa, viti vinapangwa mstari vikiwa bado ndani ya nailoni, mheshimiwa anahutubu, picha zinapigwa. Jioni mitandao inajaa pongezi: viti 50 vimetolewa, viti 100 vimetolewa. Habari inaishia hapo.

Swali lisiloulizwa ni viti hivyo viko wapi baada ya mwaka mmoja. Mimi najua vilipo baadhi yake. Kimoja kimekuwa pa kuanikia nguo. Kingine kimeng'olewa magurudumu ya nyuma, yakafungwa kwenye mkokoteni wa kuchotea maji. Vingine viko nyuma ya nyumba, vimeliwa na kutu. Na waliopewa wamerudi kule kule walikokuwa: kutambaa, kubebwa mgongoni, au kukaa ndani kutwa wakihesabu boriti.

Wepesi wa kulaumu watasema watu wetu hawajui kutunza vitu vya bure. Mimi nasema tatizo linaanza kabla kiti hakijafika kijijini. Tunanunua viti kwa idadi, wala hatuulizi mtu huyu anakwenda wapi. Na mtu wa Pwani, awe na ulemavu au asiwe nao, maisha yake yako nje: barazani, shambani, sokoni, msikitini au kanisani, pwani kwenye vyombo. Kiti kinachomfikisha mlangoni tu kimemwongezea chumba kimoja, hakijampa mwendo.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nimekuwa mtumiaji wa kiti cha magurudumu kwa miaka 14 sasa, katika kijiji kimoja cha kusini mwa Pwani. Kiti changu cha kwanza nilipewa na ofisi moja ya umma. Kilikuwa kipya, cha kukunja, cha bomba la chuma linalong'aa. Sebuleni kilikwenda vizuri, na barazani kilinifikisha. Lakini kutoka barazani hadi msikitini ni kama mita 300 za mchanga, na kiti kile kilikwenda mita 10. Magurudumu madogo ya mbele yalizama, kiti kikasimama ghafla, mwili wangu ukataka kuendelea na safari peke yake. Mpwa wangu akakigeuza, akaanza kunivuta kinyumenyume. Tangu siku hiyo hadi kiti kile kilipokufa, nilikuwa nakwenda msikitini huku nikitazama nyumbani kwangu.

Kilikufa baada ya miezi minane. Chumvi na mchanga viliingia kwenye beringi za mbele zikakwama. Tairi ngumu la mbele likapasuka. Nikamtuma kijana Ukunda, kisha Mombasa, kutafuta gurudumu la saizi ile, akarudi mikono mitupu. Fundi wetu wa baiskeli, ambaye hufufua baiskeli za enzi za babu zetu, aligeuza gurudumu lile mkononi mara mbili akanirudishia.

Sina haja ya kuitaja ofisi hiyo, kwa sababu wangenipa vivyo hivyo katika ofisi nyingine yoyote. Kiti kile hakikuwa kibovu, kilikuwa ugenini. Viti vya aina hiyo vimetengenezwa kwa sakafu laini ya hospitali na uwanja wa ndege, ambako mgonjwa anasukumwa na mtu mwingine kwa dakika chache. Magurudumu ya mbele ni madogo na membamba ili kiti kigeuke katika nafasi finyu. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mfupi ili kiti kisichukue nafasi. Uzito unafika karibu kilo 20. Sifa hizi zote ni nzuri wodini. Zilete kwenye mchanga, na kila sifa inageuka kasoro. Gurudumu jembamba hukata mchanga kama kisu. Kiti kifupi hupinduka mbele kikigonga jiwe la matumbawe. Uzito wote huo unabaki begani mwa mtu ambaye mabega ndiyo miguu yake.

Tuitazame basi ardhi yetu. Lamu ina vichochoro ambamo punda wawili wakikutana mmoja husubiri, na ili utoke kisiwani lazima ushuke ngazi za gatini uingie chomboni. Mombasa kuna Mji wa Kale wenye vizingiti vya milango na mitaro, na kuna kivuko cha Likoni ambako ukali wa mteremko hubadilika maji yakijaa na yakipwa. Kwale na Kilifi ni mchanga mtupu chini ya minazi, na ukiingia bara kidogo unakuta udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hugeuka ulimbo. Mwambao wa mikoko ni tope. Na kote huku, upepo wa bahari unaleta chumvi inayokula chuma usiku na mchana. Hakuna kiti kimoja kinachoweza kuishi katika sehemu zote hizi. Kwa hiyo anayenunua viti 200 vya aina moja kwa kaunti nzima ameshakosea kabla hajatia sahihi.

Suluhu si jambo la kubuniwa upya, maana wapo waliolishughulikia kwa zaidi ya miaka 40. Mhandisi wa Marekani Ralf Hotchkiss, naye mtumiaji wa kiti tangu ajali ya pikipiki mwaka 1966, alianza kufanya kazi na watumiaji wenzake wa Nicaragua mwaka 1980. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la Whirlwind na kiti kinachoitwa RoughRider. Siri yake ni nyepesi: gurudumu la mbele ni pana na laini, halizami, na limesogezwa mbele zaidi ili kiti kisipinduke. Shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1991, lina kiti cha magurudumu matatu, mawili makubwa nyuma na moja mbele kabisa, kwa ajili ya ardhi mbovu. Wavuvi wetu hawatashangaa, kwani wanajua kuwa chombo kirefu hupanda wimbi ambalo kifupi hulichimba.

Mfano wa tatu unatuhusu kwa karibu zaidi. Wahandisi wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, wakiongozwa na Amos Winter, walitengeneza kiti kinachoendeshwa kwa mikono miwili ya chuma, mfano wa makasia. Ukishika juu unapata nguvu ya kupanda mlima au kukata mchanga, ukishika chini unapata mwendo wa kasi barabarani. Vipuri vyake vingi ni vya baiskeli ya kawaida. Kiti hicho kilijaribiwa kwanza hapa kwetu Afrika Mashariki, katika Kenya, Uganda na Tanzania. Watumiaji walisema nini? Kwamba nje kilikuwa kizuri, lakini ndani ya nyumba kilikuwa kipana na kizito mno. Wahandisi wakarudi wakakipunguza. Wana Afrika Mashariki wale waliwafundisha wahandisi jambo ambalo wanunuzi wetu hawajajifunza hadi leo, kwamba mtumiaji aulizwe, na jibu lake libadilishe chuma.

Na kwa nini twende Marekani? Bombolulu iko hapa hapa Mombasa. Karakana zile za Chama cha Walemavu wa Viungo, APDK, zipo tangu mwaka 1969, na watu wenye ulemavu wenyewe ndio mafundi. Watu wengi wa Pwani wanazijua kwa mapambo na ngozi wanazonunua watalii, wakisahau kwamba ufundi wa viti na baiskeli za walemavu nao uko mikononi mwa watu wetu. Ukiongeza mafundi wa jua kali wanaochomelea mageti na mikokoteni kila mji, utaona kwamba tunachokosa ni oda inayosema wazi tunataka nini, maana mikono ipo.

Basi tunataka nini? Hapa ndipo lazima tuanze na siku ya mtu, wala si orodha ya bidhaa. Nitatoa mifano minne.

Mama anayeuza mboga na nazi, ambaye anatoka kijijini kwenda soko lililo kilomita nne barabarani, kiti cha kusukuma gurudumu kwa kiganja kitammaliza mabega. Huyu anahitaji baiskeli ya magurudumu matatu ya kukanyagwa kwa mikono, yenye mnyororo na sehemu ya kubebea mzigo. Ukitaka ushahidi nenda mpaka wa Busia, ambako kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wamejipatia riziki kwa kuvusha bidhaa kwa baiskeli za namna hiyo. Lakini baiskeli hiyo haiingii jikoni, kwa hiyo atahitaji pia kiti chepesi au kigoda cha magurudumu cha ndani. Vifaa viwili kwa mtu mmoja si anasa. Mvuvi ana mtumbwi na ana viatu, na hakuna anayemwambia achague.

Mwanafunzi anayepita njia ya mchanga kwenda shule anafaa kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu pana la mbele. Ila kipimwe upana wa mlango wa darasa na urefu wa dawati kwanza, asije akafika shuleni akabaki kwenye veranda. Tena mtoto hukua. Kiti cha mwaka huu kitambana mwaka kesho kutwa, na kiti kinachobana hupindisha mgongo.

Mzee wa Mji wa Kale au wa Lamu, ambaye njia yake ni vichochoro na saruji, hana haja ya kiti kirefu cha shambani. Atakwama kwenye kona ya kwanza. Yeye anahitaji kiti chembamba, kifupi, chenye uzito uliokaa nyuma ili aweze kuinua magurudumu ya mbele kidogo avuke kizingiti. Hata kile kiti cha hospitali ninachokilalamikia kinamfaa mtu wa aina fulani: mkongwe anayekaa ndani, anayesukumwa kutoka kitandani hadi barazani. Sisemi kitupwe. Nasema kipewe anayekifaa.

Wa nne ni yule anayetaka kufika baharini, na huyu tumemsahau kabisa. Tunaitangaza Pwani dunia nzima kwa fukwe zake, lakini mtoto mwenye ulemavu aliyezaliwa mita 500 kutoka ufukweni anaweza kukua bila kugusa maji ya chumvi. Kuna viti vya ufukweni vyenye magurudumu mapana yaliyojaa upepo kama maputo, ambayo hukaa juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kuna pia mikeka migumu inayotandikwa juu ya mchanga ikawa njia. Vifaa hivi si vya kununuliwa na kila familia. Ni vya kuwekwa ufukwe wa umma, chini ya waokoaji, mtu akija anatumia akimaliza anarudisha. Viti viwili na mkeka mmoja katika ufukwe wa umma wa kila kaunti ya Pwani vingeanza kazi hiyo, na hata wageni wetu wenye ulemavu wangevitumia.

Ukiwa na kiti kinachofaa ardhi, bado kazi haijaisha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu mwaka 2008 kwa ajili ya nchi zenye uwezo mdogo kama yetu, na jingine jipya mwaka 2023. Ule wa kwanza ulieleza hatua nane: mtu kuelekezwa kwenye huduma, kupimwa, kuchaguliwa kifaa, kupatikana fedha na kuagiza, kutayarisha kifaa, kumkalisha na kurekebisha, kumfundisha, na mwisho kumfuatilia kwa matengenezo. Ukitazama sherehe zetu, hatua nane zimekuwa mbili: kununua na kukabidhi.

Hatua zilizorukwa si urembo. Mtu asiyehisi miguu na makalio akikaa juu ya kitambaa cha nailoni bila mto unaofaa hupata vidonda vya kukalia, na vidonda hivyo vikioza vinaua. Asiyefundishwa kuinua magurudumu ya mbele ataanguka kwenye kizingiti cha kwanza, na familia itamkataza kutoka tena. Asiyeambiwa kwamba kiti kilichopita karibu na bahari kinahitaji kusuuzwa kwa maji baridi, kukaushwa na kutiwa grisi, ataona kutu ndani ya msimu mmoja. Na asiye na pa kupata tairi atarudi chini. Ndiyo maana mimi leo natumia kiti chenye magurudumu ya nyuma ya saizi ya baiskeli. Kikipata pancha, kinatengenezwa chini ya mwembe pale pale kijijini, na nusu saa baadaye niko njiani.

Najua jibu nitakalopewa: fedha ni chache na wahitaji ni wengi, bora viti vingi vya bei nafuu kuliko vichache vya ghali. Ni hoja nzito na haifai kupuuzwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya laki 9 wenye ulemavu, na ugumu wa kutembea ndio uliotajwa na wengi zaidi, karibu watu 385,000. Kimataifa, ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu karibu bilioni moja wanaohitaji vifaa saidizi hawavipati. Lakini hesabu ya unafuu ikamilishwe. Kiti cha bei rahisi kinachokufa ndani ya miezi minane kitanunuliwa mara nne au tano kabla kile imara hakijachakaa. Na kisiponunuliwa tena, gharama inahamia kwa dada anayeacha shule ili amvute kaka yake, na kwa mama anayefunga biashara yake kwa sababu hana wa kumsukuma. Gharama hiyo haiandikwi kwenye bajeti ya kaunti, ila kuna mtu anailipa.

Isitoshe, hili si suala la sadaka. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 20 kinazungumzia vifaa bora vya mwendo, kwa bei inayofikika, pamoja na mafunzo ya kuvitumia. Mwaka 2025 tumepata sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Karatasi tunazo za kutosha. Sentensi za Katiba zinasema kushinda vikwazo, na kwetu kikwazo cha kwanza ni mchanga. Kifaa kisichoushinda mchanga hakijatimiza haki hiyo, hata kikikabidhiwa na nani.

Kwa kaunti zetu, mabadiliko ninayoyaomba yanaanza na maneno ya zabuni. Badala ya kuandika "viti vya magurudumu 200", iandikwe viti vingapi vya ndani, vingapi vya ardhi ya mchanga, baiskeli ngapi za mkono, mito mingapi. Iandikwe kwamba tairi na beringi ziwe za saizi zinazopatikana katika maduka ya baiskeli ya Pwani. Iandikwe kwamba chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu. Sehemu ya fedha itengwe kwa matengenezo, na fundi mmoja katika kila wadi afundishwe na alipwe kwa kazi hiyo. Na kabla ya yote, wataalamu wa hospitali za kaunti wampime mtu na wamuulize maswali matatu: unakwenda wapi kila siku, unapita ardhi gani, na nani atakitengeneza kikiharibika?

Waheshimiwa wanaotumia hazina mbalimbali kugawa viti, nao tunawashukuru kwa moyo wao. Ombi letu ni dogo. Rudini baada ya miezi sita, bila hema wala kamera, mwone nani bado anatembea.

Na sisi wenyewe tusingoje kuitwa kwenye ugavi. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hutakiwa kuwasilishwa ifikapo Septemba 1, na makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti ifikapo Aprili 30. Kati ya tarehe hizo kuna vikao vya kutoa maoni ya umma, ambavyo mara nyingi hufanyika katika kumbi zenye ngazi. Twendeni hivyo hivyo. Asiyeweza kupanda asubiri chini mlangoni, na kikao kishuke kimsikilize. Tukifika tusiseme tunataka viti. Kila mmoja aseme anataka kufika wapi: shambani, sokoni, gatini, shuleni, baharini. Kazi ya kutafuta chombo cha kumfikisha huko ibaki kwa waliochaguliwa kuifanya.